Kitundu kimoja, namba tano: kisa cha kupima upana wa vitundu vya utando wa kiini cha seli

Kisa hiki kilitokea katika maabara moja ya baiolojia ya seli. Majina, mahali na mwaka nimeviondoa, na aina ya seli tuliyotumia sitaitaja. Nilikuwa msimamizi wa pili wa mwanafunzi wa uzamivu aliyeifanya kazi hiyo, kwa hiyo makosa nitakayoyaeleza ni yangu pia. Nakiandika kwa sababu swali la "kitundu kina upana gani?" linasikika jepesi, na kila mara nakutana na mtafiti mchanga anayelianzia pale pale tulipoanzia sisi.

Usuli

Kiini cha seli kimezungukwa na utando maradufu. Sehemu nyingi tando hizo mbili zimeungana zikaacha tundu, na ndani ya kila tundu limekaa jengo kubwa la protini. Kiini kimoja cha seli ya binadamu huwa na maelfu ya majengo hayo. Kila jengo lina aina zipatazo 30 za protini, kila aina ikirudiwa mara nyingi, hivi kwamba jumla ya vipande vyake hukaribia 1,000. Vimepangwa katika pande nane kuzunguka mhimili mmoja, na ukilitazama jengo kutoka juu unaona pete yenye pembe nane.

Vitundu hivi vilielezwa mwaka 1950, Callan na Tomlin walipochunguza kwa hadubini ya elektroni utando wa kiini cha yai changa la amfibia. Tangu hapo upana wake umetajwa kwa namba nyingi. Ukisoma wiki moja tu utakutana na nanomita (sehemu za bilioni za mita) 120, 60, 40, 9 na 5. Mwanafunzi wetu alikuja na karatasi yenye namba hizo tano na kuuliza ipi ni sahihi. Nilimjibu kwa haraka kwamba inategemea mbinu. Jibu hilo ni la kweli lakini halimsaidii mtu, na laiti ningelifafanua siku ile tungeokoa miezi mingi.

Ufafanuzi wenyewe ni huu. Nanomita 120 ni upana wa jengo zima, kutoka ukingo wa nje wa pete hadi ukingo mwingine, kwa wanyama wenye uti wa mgongo. Nanomita 40 hadi 60 ni upana wa njia ya katikati, yaani nafasi iliyozungukwa na pete. Namba hii ndiyo hubadilika kulingana na hali ya seli. Lakini njia hiyo haiko wazi. Imejaa nyuzi za protini zisizo na umbo maalumu, zenye jozi za asidi amino mbili, fenilalanini na glisini, zinazojirudia, na nyuzi hizo huzuia molekuli kubwa zisipite hivi hivi. Kinachopita chenyewe bila kusindikizwa ni kidogo zaidi. Mwaka 1975 Paine na wenzake waliingiza dekstrani, ambayo ni minyororo ya sukari, kwenye mayai machanga ya chura. Kutokana na kasi ya kuingia kwake kiini wakakokotoa kwamba kitundu kinafanya kazi kama bomba lenye nusu kipenyo cha nanomita 4.5, yaani upana wa 9. Ile 5 hutajwa kama kikomo cha protini zinazopita bila msaada, zenye uzito wa kilodaltoni 40 hivi (kilodaltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli). Mzigo uliobebwa na protini za usafirishaji ni suala jingine kabisa: mwaka 2002 Panté na Kann walionyesha kwamba chembe za dhahabu zilizovishwa protini hizo, zikiwa na upana wa jumla wa karibu nanomita 39, ziliweza kupita.

Namba zote tano, basi, zinasimama. Kila moja inapima kitu chake.

Maabara ilitaka kujua kama seli ikiishiwa nishati vitundu vyake hubana. Swali halikutoka hewani. Mwaka 2021 ulichapishwa uchunguzi wa chachu uliofanywa ndani ya seli zilizogandishwa ghafla, ukaonyesha kwamba njia ya katikati hupungua upana pale nishati inapokwisha. Sisi hatukuwa na chombo cha kupiga picha za seli zilizogandishwa. Tulikuwa na hadubini ya elektroni ya kuchanganua uso wa sampuli, na hadubini ya leza kwa ajili ya rangi zinazong'aa. Tukaamua kutumia tulivyo navyo.

Picha za elektroni

Seli za kundi la njaa zilipewa sumu ya mitokondria, sehemu za seli zinazotengeneza nishati, pamoja na sukari bandia ambayo seli haiwezi kuichoma. Kundi la kulinganishia halikupewa kitu. Kisha seli za makundi yote mawili zilivimbishwa kwenye mmumunyo wenye chumvi kidogo, zikapasuliwa kwa kisagio cha kioo, viini vikatengwa na kubandikwa juu ya vipande vya silikoni. Vikakazwa kwa kemikali iitwayo glutaraldehidi, vikaondolewa maji kwa alkoholi iliyoongezwa nguvu hatua kwa hatua, vikakaushwa, na mwisho vikapakwa tabaka jembamba la kromi, aina ya metali, ili chaji ya umeme isijikusanye juu yake.

Picha zilitoka safi sana. Pete zilijipanga kama shanga zilizomwagwa juu ya kitambaa, nyingine zikionyesha pande zake nane waziwazi. Mwanafunzi alikaa mbele ya kioo cha kompyuta na kuanza kupima. Aliweka kishale kwenye ukingo mmoja wa tundu, akavuta mstari hadi ukingo wa pili, akaandika namba, akahamia tundu la pili.

Ukisogea karibu na kazi hiyo utaona ugumu wake. Pikseli moja ilikuwa sawa na nanomita moja hivi, lakini ukingo haukuwa mstari. Ulikuwa ukanda wa mwanga unaofifia taratibu, wenye upana wa pikseli nne au tano kabla ya kuzama kwenye weusi wa tundu. Mpimaji ndiye anayeamua ukingo uko wapi ndani ya ukanda huo. Akiamua pikseli mbili ndani kila upande, tundu limebana kwa nanomita 4 bila seli kufanya lolote.

Baada ya vitundu mia kadhaa, kundi la njaa lilitoka na wastani mdogo kwa takriban nanomita 4. "Dokta, vinabana kweli," aliniambia. Tulifurahi. Matokeo yalikubaliana na chachu, na sote tulikuwa tumeyatarajia. Tukatuma muhtasari kwa ajili ya mkutano wa kisayansi.

Dekstrani

Mkuu wa maabara alitaka ushahidi wa aina ya pili kabla ya mkutano, na hapo alikuwa sahihi kabisa. Tulichagua dekstrani zenye rangi, za kilodaltoni 10, 40, 70 na 155. Seli zilitobolewa utando wa nje kwa kemikali kidogo iitwayo digitonini. Digitonini hushika kolesteroli, na utando wa nje unayo nyingi kuliko utando wa kiini, kwa hiyo ukipima vizuri kiasi na muda unatoboa wa nje na kukiacha kiini kizima. Kisha unamimina dekstrani na kuangalia ipi inaingia kiini na ipi inabaki nje.

Kama vitundu vimebana, tulitegemea molekuli za kati ziingie kwa shida zaidi kwenye seli za njaa. Ikawa kinyume. Ya 10 iliingia kote. Ya 40 iliingia kidogo. Ya 70 ilibaki nje kwenye kundi la kulinganishia, lakini kwenye kundi la njaa viini kadhaa viling'aa kijani kibichi. Kwa picha za elektroni vitundu vilikuwa vimebana, kwa dekstrani vilikuwa vimepanuka.

Kwenye kikao nilisimama ubaoni nikachora maelezo yaliyopatanisha yote mawili: pete imebana, lakini nyuzi za katikati zimelegea, kwa hiyo molekuli zinapenya kirahisi zaidi. Yalikuwa maelezo mazuri, yakakubaliwa kwa vichwa vilivyotikiswa kwa kuridhika. Hatukuwa na hata chembe ya ushahidi kuhusu nyuzi. Tulikuwa na matokeo mawili yanayopingana, na mimi nikayatungia hadithi ya kuyaunganisha.

Picha ambayo haikufunguliwa

Aliyetuokoa alikuwa fundi wa maabara. Aliuliza swali moja: "Ile ya 155 mmeiangalia?"

Picha zilikuwepo. Dekstrani ya 155 ilikuwa na rangi nyekundu na ilimiminwa pamoja na ya 70 kwenye sahani zile zile. Lakini hakuna aliyefungua faili zake, kwa kuwa kila mtu anajua kwamba molekuli kubwa hivyo haipiti. Mwanafunzi alizifungua jioni ile ile, akaweka nyekundu juu ya kijani. Viini vyote vilivyokuwa vimeng'aa kijani viligeuka manjano. Ya 155 ilikuwa imeingia vilevile, na kwa wingi ule ule.

Nyuzi zikilegea, bado ya 70 inapaswa kuingia haraka kuliko ya 155. Zikiingia sawa, basi hazikupita kwenye vitundu, utando umechanika. Seli zilizokwishadhoofishwa na sumu hazikuvumilia dakika za digitonini ambazo seli zenye afya zilizivumilia. Tulitumia muda mmoja kwa makundi yote tukiamini tunatenda haki, na kumbe kwa kundi moja muda huo ulikuwa umezidi.

Tulipoondoa kila kiini kilichopitisha ya 155, tofauti kati ya makundi ikatoweka.

Kurudi kwenye picha

Sasa tuliziangalia picha za elektroni kwa macho mengine, na daftari la maabara likasema mengi. Vipande vya makundi mawili vilipakwa kromi siku tofauti. Hili ni jambo ambalo wengi hawalipi uzito wake. Kromi haikai juu ya pete tu, hutambaa pia kwenye kuta za tundu, na kila tundu lina ukingo pande zote mbili. Tabaka likizidi kwa nanomita 1.5, tundu linaonekana kubana kwa 3. Tofauti tuliyokuwa tunaishangilia ilikuwa 4.

Tena, mpimaji alijua kila picha imetoka kundi gani, kwa sababu jina la faili lilisema. Namjua kijana huyo, ni mwaminifu na makini. Lakini mbele ya ukanda wa pikseli tano, mkono wa mtu mwaminifu nao huvutwa na anachokitarajia.

Tulirudia. Vipande vya makundi yote vilipakwa kwa pamoja ndani ya chombo kimoja, majina ya faili yakabadilishwa kuwa namba na mtu asiyehusika, na watu wawili wakapima picha zile zile kila mmoja peke yake. Tofauti kati ya njaa na kawaida ikawa ndogo kuliko tofauti kati ya wapimaji wawili.

Uamuzi

Tungeweza kuishia hapo na kuandika kwamba vitundu havibani. Nilitaka tuandike hivyo. Mwanafunzi ndiye aliyekataa. Alikuja ofisini na makala zinazolinganisha vitundu vya utando uliotengwa na vile vilivyopimwa ndani ya seli nzima, akaziweka mezani. Ndani ya seli njia ya katikati huwa pana zaidi, kwa nanomita kumi hivi au hata zaidi. Ukitoa kiini nje ya seli, utando unapoteza mkazo uliokuwa ukiuvuta, na pete inajikunja kidogo kuelekea katikati.

Maana yake ni kwamba kitendo cha kutenga kiini kilikuwa kimekwishavibana vitundu vya makundi yote mawili kabla hatujaviweka chini ya hadubini. Kama njaa ilikuwa imebana kundi moja, kutenga kulilifikisha kundi la pili pale pale.

Akaongeza la pili, ambalo hadi leo linaniuma kwamba sikuliona mwenyewe. Digitonini ikitoboa utando wa nje, umajimaji wa seli unavuja na ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, inaondoka nao. Kundi letu la kulinganishia, lile tuliloliita la kawaida, lilikuwa limeishiwa nishati ndani ya dakika chache. Tulikuwa tunalinganisha njaa na njaa.

Tuliondoa muhtasari wetu kwenye mkutano. Mkuu wa maabara hakupenda, na sababu zake zilikuwa za msingi: mwanafunzi alihitaji kitu cha kuonyesha, na miezi ilikuwa imekwenda. Lakini muhtasari ulidai kipimo ambacho hatukuwa nacho. Njia ya kwanza iliyopendekezwa ilikuwa kuomba muda kwenye maabara yenye vifaa vya kugandisha seli. Tuliomba, tukaambiwa tusubiri. Njia ya pili ilikuwa kuacha kupima upana na kupima upitishaji ndani ya seli hai, bila kuitoboa wala kuipasua. Tukaichagua hii, tukijua kwamba haitatupatia nanomita.

Seli zilifanywa zitengeneze protini ya kijani inayong'aa kwa namna tatu: moja peke yake yenye kilodaltoni 27, mbili zilizoungana, na tatu zilizoungana. Kwa leza kali unafifisha mwanga wote ndani ya kiini, kisha unahesabu sekunde hadi protini mpya zitakapoingia kutoka nje na kurudisha mwanga. Mwanafunzi aliongeza kipimo cha pili kwenye kila seli, akafifisha doa dogo kwenye umajimaji nje ya kiini na kupima linavyojaa. Bila hicho, kila kinachopungua kasi kingeweza kusingiziwa kitundu, wakati seli yenye njaa inaweza kuwa nzito ndani kwa ujumla.

Matokeo

Protini moja peke yake iliingia polepole zaidi kwenye seli za njaa, lakini hata nje ya kiini ilisogea polepole kwa kiwango kilekile. Hapo kitundu hakina la kujibu. Protini mbili zilizoungana zilipungua kasi ya kuingia kuliko uzito wa umajimaji unavyoweza kueleza, na jambo hilo lilijirudia katika kila marudio. Protini tatu ziliingia taratibu mno, hivi kwamba seli ilikuwa imejisogeza kabla mwanga haujarudi, na data yake hatukuitumia.

Tasnifu iliandika kwamba katika seli hizi, nishati ikikwisha, upitishaji wa molekuli za ukubwa huo kupitia vitundu hupungua. Haikuandika kwamba vitundu vimebana kwa nanomita kadhaa. Mtahini mmoja aliulizia namba hiyo, na mwanafunzi akajibu kwamba kasi ya kupita inategemea idadi ya vitundu vilivyo wazi, urefu wa njia, msongamano wa nyuzi na upana wa pete kwa pamoja, na kipimo chake hakiwezi kuvitenganisha. Jibu lilikubaliwa.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote ni molekuli isiyotakiwa kupita. Dekstrani ya 155 ilikuwa mlinzi wa jaribio zima, na tulimwajiri bila kumsikiliza. Anayefanya jaribio la aina hii leo aisome picha ya molekuli kubwa kwanza, kabla ya nyingine zote, na kila kiini kilichoipitisha kitolewe kwenye hesabu kabla hajajua kipo kundi gani. Kiasi na muda wa digitonini navyo vitafutwe upya kwa kila kundi, kwa sababu seli dhaifu si seli ile ile.

Kilichoshindikana mapema zaidi ni lugha. Tulisema "upana" miezi yote tukimaanisha vitu viwili. Mwenye hadubini ya elektroni alimaanisha pete, mwenye dekstrani alimaanisha nafasi iliyobaki kati ya nyuzi. Vipimo hivyo vingeweza kutofautiana kihalali kabisa, hata bila kosa lolote la maabara. Ndiyo maana maelezo yangu ya ubaoni yalivutia: hayakuwa upuuzi, ila yaliletwa kuziba pengo kabla hatujakagua kama pengo lipo.

Dekstrani yenyewe ina hila zake. Ni mnyororo unaonyumbulika, na chupa moja ya "70" ina minyororo mifupi na mirefu ambayo wastani wake ndio 70. Protini ya umbo la duara yenye uzito uleule ni ndogo zaidi kwa upana: albumini ya damu, yenye kilodaltoni 66, ina nusu kipenyo cha nanomita 3.5 hivi, ilhali dekstrani ya 70 hufikia karibu 6. Kutafsiri matokeo ya dekstrani kwa kilodaltoni za protini, kama tulivyofanya kwenye muhtasari, ni kukosea tangu mstari wa kwanza. Hata hicho kikomo cha 40 si ukuta. Uchunguzi wa chachu uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kasi ya kupita hushuka taratibu kadiri molekuli inavyokua, bila mahali inapokatika ghafla. Kwa hiyo picha moja iliyopigwa baada ya dakika kumi inakuambia dakika kumi zilivyokwenda. Kipimo cha kasi kinasema zaidi, na kilikuwa ndani ya uwezo wetu tangu mwanzo.

Kuhusu kupaka chuma, tungeweza kujikinga kwa gharama ndogo. Umbali kati ya katikati ya pete moja na katikati ya pete jirani hauathiriwi na unene wa kromi, ila upana wa tundu unaathiriwa. Ukipima vyote viwili kwenye picha ile ile, sampuli iliyosinyaa kwa kukaushwa itapungua kote, na sampuli iliyopakwa chuma zaidi itapungua kwenye tundu peke yake. Picha zetu za mwanzo zilikuwa na taarifa hiyo tayari. Tulipozipima hivyo baadaye, umbali kati ya pete ulikuwa sawa kwa makundi yote, na tundu pekee ndilo lilikuwa dogo. Ulikuwa mchango wa kromi, umeandikwa mbele ya macho yetu.

Na suala la kundi la kulinganishia bado linanirudia. Tuliuliza kama kundi hilo limetendewa sawa na lile jingine. Hatukuuliza kama, baada ya kutendewa hivyo, bado lilikuwa katika hali tuliyodai linaiwakilisha. Nafasi ya kugandisha seli ilipatikana mwaka uliofuata, na sampuli ziliingia kwenye ubaridi zikiwa seli nzima, hazikupasuliwa wala kutobolewa. Uchakataji wa picha zake unaendelea.